Upande wa Kushoto wa Kha

Doan Thi Thoan, binti wa Doan Van Tuat aliyelala kifudifudi juu ya tuta la mto akaziba ufa kwa tumbo lake mpaka wenzake walipoleta udongo. Mjukuu wa Bibi Nu, ambaye mikeka yake ililaliwa na maharusi wa vijiji vyote vya kando ya mto. Mjane wa Vu Van Chap, aliyechimba kisima cha kijiji chao cha Dong Vang akafa kwa homa kabla maji yake hayajatakata. Mama wa Vu Duc Kha aliyeondoka, na wa Vu Thi Mien aliyebaki. Hivyo ndivyo anavyopaswa kutajwa. Wanaosema tu "yule bibi wa mikeka" wanamwibia.

Na yeye mwenyewe ana tendo lake. Alipokuwa msichana, vijana wa kufundisha watu kusoma waliweka malango mawili penye njia ya kuingilia sokoni. Waliandika neno kwa chokaa juu ya ungo. Aliyelisoma alipita lango kavu lililopambwa majani na maua. Asiyelisoma alipita Lango la Vipofu, na hilo lilikuwa tope tupu, watu wamejipanga kando wanacheka. Thoan alipita kwenye tope na vikapu vyake begani. Soko lililofuata akapita tena kwenye tope. Kisha akajifungia na herufi nyuma ya banda la nguruwe, na siku aliporudi akalisoma neno la kwenye ungo kwa sauti ya kumfikia muuza bata wa mwisho. Akapita lango kavu. Akarudi nyuma akapita tena, na tena, mpaka kijana wa ungo akamwambia, "Dada, wenzako nao wanataka kuuza mboga."

Basi baada ya hapo aliona elimu imetosha. Alijua kuandika jina lake na majina ya wanawe, na mikeka haikuhitaji zaidi.

Mkeka wa Dong Vang hufumwa na watu wawili. Mmoja huketi juu ya kitanda cha kufumia, nyuzi zimenyooshwa mbele yake, ameshika ubao mzito wa kugongea. Wa pili huketi pembeni, mkono wa kulia wa mwenzake, na ufito mrefu wa mwanzi. Hunasa funjo moja kwenye ncha ya ufito, hulipenyeza kati ya nyuzi mpaka ng'ambo, huchomoa ufito, na ubao hushuka: du! Kazi hiyo haina maongezi. Mwenye ubao husema "twende", mwenye ufito hupenyeza. Chap alipokufa, Mien bado anatambaa, Kha aliacha shule akakaa kwenye ufito wa baba yake. Alikua pale pale. Miguu yake ilirefuka pembeni mwa kitanda kile mpaka ikabidi aikunje.

"Twende." Du! "Twende, usilale." Du!

Jeshi lilimchukua msimu wa kupandikiza mpunga. Mpiga picha wa wilaya aliwapiga vijana wote wa kundi lile, na picha ya Kha, ndogo kama ukucha wa dole gumba, ilikaa kabatini mpaka mwaka wa maji makubwa. Tuta lilikatika, kabati likaelea, likatoka mlangoni taratibu kama mgeni aliyekwisha kuaga. Vita vilipokwisha ikaja karatasi. Ilisema Kha alifia upande wa kusini, na upande wa kusini ni nusu ya nchi. Hakukuwa na mwili wala tarehe. Familia ikachukua siku aliyoondoka nyumbani ikaifanya siku ya kumkumbuka, na juu ya madhabahu ya wahenga, mahali pa picha, kikawekwa cheti cha serikali chenye nyota na muhuri. Miaka yote hiyo Bibi Thoan alikifukizia ubani cheti.

Angeweza kuendelea hivyo mpaka kufa. Lakini siku moja, Mien amekwisha kuolewa na ana watoto wakubwa, Bibi Thoan alikuwa anapanga ndizi madhabahuni, akamwita Kha moyoni kama alivyozoea, na uso haukuja. Jina lilikuja. Sauti ilikuja kidogo, ya kukohoa. Uso haukuja. Akasimama na ndizi mkononi mpaka ubani ukaisha wenyewe. Aliogopa kuliko siku ya karatasi.

Kesho yake akaenda mjini wilayani kwa Fundi Quyet.

Fundi Quyet huchora wafu. Ana duka dogo karibu na wanaoziba pancha, na kazi yake ni unga wa masizi na brashi zilizokatwa vichwa. Ukimletea picha iliyoliwa na unyevu atakuletea uso mzima. Ukija huna picha, atakuuliza maneno.

"Macho yake yalikuwaje, Bibi?"

"Makubwa. Si makubwa sana. Ya kawaida."

"Pua?"

"Pua ya kwetu."

"Pua ya kwenu ndiyo ipi? Mimi sijawahi kula kwenu."

Bibi Thoan akajaribu tena, akaanza kulia, na kulia kulimkasirisha, kwa sababu hakuwa mtu wa kulia mbele ya waziba pancha. Fundi Quyet akamsogezea chai.

"Sikiliza, Bibi. Mdomo ukilia haunisaidii. Nenda nyumbani ukaniandikie. Taja kitu, kisha sema kikoje. Nyusi nene. Paji pana. Sentensi fupi fupi, usihadithie. Nitachora kwa karatasi yako."

"Kuandika sijaandika tangu nilipokuwa msichana."

"Basi jizoeze."

Alijizoeza. Alikwenda shule ya kijiji kwa Mwalimu Hoe, kijana mpole mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, akamwambia anataka kujua kuandika mtu alivyo. Bahati ilikuwa kwamba darasa la tatu lilikuwa kwenye somo hilo hilo. Mwalimu akampa benchi la nyuma. Watoto wakageuka wote pamoja kama bata.

"Bibi, umefeli darasa?"

"Nimefeli na nimerudishwa. Geuka mbele kabla hujarudishwa na wewe."

"Bibi, unanuka mafunjo!"

"Na wewe umelalia nini jana usiku, hariri? Mkeka wa chini yako nimefuma mimi."

Mwalimu Hoe akaandika ubaoni majina ya vitu vya mwili, na nyuma ya kila jina akaacha nafasi. Kisha upande wa pili wa ubao akaandika sifa za kuchagua: angavu, nyororo, nyoofu, jeusi tititi, jeupe kama kauri. Watoto wakaanza kuoanisha. Bibi Thoan, ambaye vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa ubao, alishika penseli kama anashika ufito. Alikuwa ameleta karatasi za kalenda ya ukutani, zile za kuchana kila siku, akaandika nyuma ya siku zilizopita. Uso mviringo, wenye nuru. Macho meusi, maangavu. Pua nyoofu. Nywele nyeusi tititi, nyororo. Meno meupe, yaliyopangika kama kauri.

Alirudi kila kipindi cha somo lile. Alisahihishwa, akafuta kwa mate, akaandika upya. Jirani zake walimwona akipita na karatasi zake wakamwita "Bibi Mwanafunzi", naye alipenda, ingawa aliwatukana. Mwishoni Mwalimu Hoe akampa alama kumi kwa wino mwekundu, kumi kamili, akawasomea watoto sentensi zake mbele ya darasa. Siku hiyo alitembea kwenda nyumbani kama anapita tena lango kavu.

Fundi Quyet alizisoma haraka, akaguna, akasema aje baada ya wiki.

Picha ilifika Dong Vang imefungwa gazeti, siku chache kabla ya kumbukumbu ya Kha. Ilikuwa kazi safi. Kijana mwenye uso wa mviringo alitazama mbele, macho yanang'aa, kofia ya jeshi imekaa sawa. Shemeji wa Bibi Thoan, mzee Vu Van Roc, mkubwa wa ukoo tangu Chap afe, alikivua cheti akakisogeza pembeni, akamsimamisha kijana yule katikati ya madhabahu, nyuma ya bakuli la ubani.

"Sasa ndiyo," akasema Roc. "Sasa ana uso. Ukoo mzima unaweza kumwinamia."

Majirani walioitwa kula wakasifu. "Handsamu! Kama wa kwenye kalenda!" "Huyu angewasumbua wasichana wa mtaa wa juu." Wali wa kunata ulikuwa umepakuliwa, kuku mzima wa kuchemsha amekaa siniani na ua jekundu mdomoni, moshi wa ubani umejaa, na Bibi Thoan alisimama mbele ya picha ya mwanawe akingoja kulia. Hakulia. Alidhani ni uzee.

Mien alichelewa, alitoka mbali, kijiji cha mumewe kiko ng'ambo ya kivuko. Aliingia na vijiti vyake vya ubani, akapiga hatua mpaka mbele ya madhabahu, akasimama. Hakuinama.

"Mama, huyu nani?"

Vijiti vya kulia chakula vikatulia kwenye mabakuli.

"Nani? Kaka yako!"

"Si Kaka Kha."

"Umelewa? Hata hujagusa pombe, umelewa?"

"Kaka hakuwa na meno kama hayo."

"Alikuwa na meno gani, basi? Sema! Wewe uliye na macho, sema."

"Sijui," akasema. "Sijui, Mama. Lakini si hayo." Akaweka ubani wake juu ya meza bila kuuwasha, akaenda jikoni kuosha sufuria ambazo hazijachafuka.

Wageni walipoondoka Bibi Thoan akarudi peke yake mbele ya picha. Akafumba macho kumtafuta Kha wake ili awalinganishe. Aliyekuja ni yule wa masizi. Akatikisa kichwa, akafumba tena. Akaja yule yule, meno ya kauri, macho maangavu, anamtazama kwa upole kama karani anayetaka uondoke dirishani. Kabla ya picha alikuwa hana uso, lakini nafasi yake ilikuwa wazi. Sasa mtu alikuwa amekaa. Na aliyemkaribisha ni yeye, kwa sentensi zake za kumi kamili.

Akaishusha, akaigeuza, akaiegemeza uso ukutani. Roc alipouliza kesho yake, alisema nzi wameichafua.

Mien alibaki kwa mama yake siku kadhaa, kwa sababu kulikuwa na mikeka ya harusi iliyoahidiwa na msichana wa ufito alikuwa anaumwa. Mama na binti hawakuzungumza juu ya picha. Walizungumza juu ya bei ya mafunjo, na mkwe, na mkwe tena. Mien akaketi pembeni, mkono wa kulia wa mama yake, akashika ufito.

"Twende."

Du!

"Twende."

Walifika karibu nusu ya mkeka. Bibi Thoan aligeuza macho kulia kidogo kuangalia kama funjo limefika mwisho, jambo alilolifanya maisha yake yote bila kulijua, na akaona sikio la kushoto la binti yake, dogo, lenye hereni. Mkono wake ukabaki juu na ubao.

"Mama? Umebanwa?"

"Halikuwa hilo," akasema Bibi Thoan.

"Halikuwa nini?"

"Lilikuwa kubwa. Kubwa, limekunjika juu, kama ukingo wa mkeka uliokatwa na mlevi. Hebu nipe kalenda."

Akaandika pale pale, juu ya nyuzi, penseli inatoboa karatasi. Sikio kubwa, lililokunjika. Akasubiri. Hakumwita Kha. Akagonga mara chache, akatazama kulia tena, na mahali pa Mien pakawa na shingo. Shingo nyembamba, chafu. Hakuwa amewahi kusema chafu. Mbele ya Mwalimu Hoe asingethubutu. Chini ya shingo shati kuukuu, lenye kola iliyogeuzwa. Siku iliyofuata likaja taya, na kwenye taya kovu fupi, jeusi, la siku ufito ulipopasuka ukamrukia, naye akamfokea, "Damu isiguse mkeka!" Hilo la damu hakuliandika. Nywele ngumu, zilizosimama nyuma kama mabua baada ya mavuno. Shavu bovu, lenye chunusi. Kope fupi. Kila kitu kilikuja na sifa yake imeshikamana nacho, hakuna ubao wa kuchagulia, na yule wa masizi akawa anarudi nyuma, anarudi nyuma, mpaka akatoka.

Mien aliona mama yake analia huku anagonga, na pigo halikukosea hata moja. Akawa anapenyeza tu.

Mkeka wa mwisho ulipokatwa, Bibi Thoan akazifunga karatasi zake kwa uzi wa mkeka akaenda mjini. Fundi Quyet alizisoma polepole safari hii, moja baada ya moja, akizipanga juu ya kioo cha meza. Kisha akamtazama.

"Bibi. Huu ni upande mmoja."

"Upande wa kushoto. Alikaa mkono wangu wa kulia akitazama nyuzi."

"Na mbele?"

"Mbele sikumwona."

"Umemzaa, umemlea, hukumwona mbele?"

"Nilimwona. Lakini sikumtazama." Alisema hivyo kama anayetaja hali ya hewa. "Nilimwambia inama, fanya kazi. Hakuna siku niliyomwambia inua uso nikuone."

Fundi Quyet akajikuna kidevu kwa brashi, masizi yakambaki. "Picha ya madhabahuni hutazama mbele. Wewe mwenyewe unajua. Watoto wanakuja kuinama na mfu amewageuzia shavu? Watasema ana hasira nao. Ngoja, kuna njia. Nachukua kushoto hii, naigeuza, napata kulia. Nyuso ndivyo zilivyo."

"Zote?"

"Zote."

"Hata wako? Jicho lako moja liko dukani na jingine liko kwa waziba pancha."

Fundi akacheka, akaacha ghafla. Akainuka akafunga mlango nusu, akaketi karibu.

"Nikuambie kitu, Bibi, na usikiseme. Yule niliyekuchorea mwanzo, sikuanza kwako. Akina mama wanaokuja hapa bila picha huniletea maneno yale yale. Macho maangavu, pua nyoofu, meno meupe. Nifanye nini? Nachora walichoandika. Kijana yule yuko kwenye madhabahu nyingi za wilaya hii. Nikipita kwenye kumbukumbu za watu namkuta ananitazama."

Bibi Thoan alimfikiria mama mmoja wa mtaa wa juu, na mwingine wa karibu na kivuko, ambao aliwahi kuona picha za wana wao akafikiri, vijana wa zamani walifanana.

"Hakuna aliyemrudisha?"

"Mmoja alirudi naye. Alikaa kwenye kiti hicho hicho mpaka saa ya kufunga. Kisha akambeba akaenda naye nyumbani. Akasema amekwisha kumzoea."

Nje mtu alikuwa anapampu tairi.

"Chora upande mmoja," akasema Bibi Thoan. "Usioujua usiuchore."

Fundi Quyet alichora huku Bibi Thoan ameketi pale, jambo ambalo huwa haliruhusu. Alianza na sikio. "Likunjike zaidi. Zaidi, usimwonee huruma." Akashuka kwenye taya. "Dogo. Alikuwa hali vizuri." Kovu likaingia, kisha nywele za mabua, kisha shingo, na Bibi Thoan akaacha kusahihisha. Fundi alikuwa ameinamia kola, anaweka vivuli, aliposikia sauti kavu, ya haraka, ambayo hakuwa ameisikia kwake.

"Twende. Usilale."

Akainua uso. Bibi Thoan alikuwa anatazama karatasi kwa pembe ya jicho, kichwa kimegeuka kulia kidogo tu, mikono yake miwili imekamata hewa juu ya mapaja kama imeshika ubao. Hakujua kwamba amesema. Fundi Quyet aliinama tena akaendelea, na alipomaliza hakutaka ujira, ila Bibi Thoan alimwachia mkeka kwa nguvu, maana hakutaka kuambiwa mwanawe ni wa kuombaomba.

Ugomvi ulikuwa nyumbani. Mzee Roc alisimama mbele ya ile picha, mikono nyuma.

"Shemeji, hii ni nini? Amegeuka!"

"Ndivyo alivyokaa."

"Alivyokaa kwenye mikeka! Hapa si kwenye mikeka, hapa ni kwa wahenga. Baba yake anatazama mbele, babu yake anatazama mbele. Yeye atazame ukuta? Mimi nikija na mvinyo wangu nizungumze na sikio?"

"Zungumza na sikio. Sikio ndilo linalosikia."

"Usinichezee, mke wa kaka. Ulikuwa na picha nzuri. Watu wamekwisha kuiona."

"Ile ni ya watu wote, Roc. Mpelekee atakaye."

Roc hakuelewa, na hakuelezwa. Alisema mengi, juu ya ukoo, juu ya aibu, juu ya wanawake wanaojua kusoma. Bibi Thoan alimngoja amalize kwa heshima zote, akammiminia chai, kisha akapanda kigoda akaiweka picha madhabahuni mwenyewe, mwisho wa kulia kabisa, pembeni mwa cheti. Akiwa pale, Kha hakutazama ukuta. Alitazama wenzake wote waliopangwa juu ya meza, na bakuli la ubani, ameinama kidogo, kama anangoja aambiwe. Roc alitazama hivyo kwa muda. Akavaa viatu vyake akaondoka bila kuaga, lakini hakurudi kuiondoa.

Nusu ya kichwa cha mwanawe alikuwa nayo. Alikaa nayo miezi ile mpaka mavuno, akawasha ubani asubuhi, na akilia alimlilia mtu anayemjua. Lakini nusu ile nayo ilikuwa inamwomba nusu nyingine. Jicho la kulia la Bibi Thoan lilikuwa limeota ukungu, na la kushoto likaanza. Karatasi za kalenda aliziandika kwa herufi kubwa zaidi, zaidi, mpaka siku moja neno moja likajaza siku nzima. Akamwita Mien.

Mien alivuka kivuko na kikapu cha matunda. Alikuta mama yake ameketi sakafuni mbele ya sinia la chakula, mabakuli mawili, na upande wa sinia kuna rundo la karatasi za kalenda na penseli iliyochongwa kwa kisu.

"Kaa pale," Bibi Thoan akasema. "Si hapo. Pale ulipokuwa unakaa ulipokuwa mdogo."

Mien akahama, akakaa upande wa pili wa sinia.

"Nani alikaa hapa, mbele yako?"

Mien akaweka kikapu cha matunda chini.

"Mimi nilikuwa mlangoni napakua wali. Naangalia sufuria. Wewe ulikula ukimtazama kila siku mpaka alipoondoka. Mbele ni yako. Na upande wa kulia ni wako. Mimi nimemaliza wa kwangu, na macho yamekwisha."

"Mama, nilikuwa mtoto. Nimesahau."

"Ulijua si meno yake."

"Kujua 'siyo' si sawa na kujua 'ndiyo'." Mien alianza kulia. "Nilimnunia, Mama. Siku ile ya kuondoka. Alisema ataniletea vibanzi vya mwanzi tutengeneze tiara akirudi kutoka kujiandikisha jeshini, akasahau, nikamnunia, sikutoka kumuaga. Nilikuwa nyuma ya banda. Kila nikimfikiria nauona ukuta wa banda."

Bibi Thoan alinyoosha mkono juu ya sinia, akaupata mkono wa binti yake kwa kupapasa. Haukuwa mkono wa kubembeleza, alikuwa hajui kubembeleza. Aliweka penseli ndani yake akavikunja vidole juu ya penseli.

"Sikukuambia ukumbuke. Nimekuambia uandike. Usianze na uso, uso ni mkubwa. Na usitafute neno zuri, mimi nilitafuta neno zuri nikaleta mtoto wa watu ndani. Anza na kitu kilichokuwa mbele yako. Utakapopata, nenda kwa Fundi Quyet. Kama amekufa, nenda kwa atakayekuwa amekaa kwenye kiti chake. Mwambie amgeuze atutazame. Mimi nikiwa sipo, mgeuze tu."

"Nianze na nini?"

"Bakuli lake."

Nje mafunjo yaliyoanikwa uani yalikuwa yanapasuka kwa jua, tik, tik.

"Bakuli la bluu," akasema Mien.

"Andika."

Akaandika.

"Bluu tu?"

"La bluu, lenye pengo." Mien akajifuta pua kwa mkono. "Alikuwa analigeuza ili asinywe kwenye pengo. Kila mara. Analigeuza hivi, kwa vidole viwili."

"Vidole gani?"

Mien akafumba macho. Bibi Thoan, ambaye hakuona zaidi ya kivuli cha binti yake na mwanga wa mlango, aliinamisha kichwa upande wake akasubiri.

"Vyembamba," akasema Mien. "Vyembamba, vyenye rangi ya mafunjo."

"Andika. Na juu ya bakuli?"